Maiki Kwenye Kola ya Mume Wangu

Wasomaji wangu, mimi nanyi tuliachana wiki iliyopita kidole gumba changu kikiwa juu ya kitufe cha maiki ya mume wangu. Nilibonyeza. Nasema mapema kwa sababu wapo walioniandikia wiki nzima wakinisihi nisibonyeze, utadhani mambo haya yanatokea leo na wao wamenishika mkono. Nilibonyeza, na mkinirudisha pale nitabonyeza tena.

Kwa ambaye hakuwepo, nitafupisha. Mimi na mume wangu tuna podikasti ya video. Tunasafiri mji hadi mji, tunakaa mbele ya simu, tunaongea habari za njiani na za ndoa. Yeye watazamaji wanamwita Bwana Sauti, maana ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi wananiita Mama Begi, kwa kuwa begi lote la vifaa nabeba mimi. Mwanamke amekaa miaka saba kwenye ndoa bila mtoto, halafu watu laki mbili wanamwita Mama Begi. Utani huo niliusikia vizuri sana, asanteni.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikwenda kupima, daktari akaniita peke yangu akaniambia tatizo liko kwa mume wangu. Nikalimeza. Nikatoka nikamwambia mume wangu tuko sawa wote wawili, tusubiri tu. Basi tukasubiri. Miaka sita mama mkwe ananiita mgumba mbele ya wageni, wifi ananitumia namba za waganga, na mimi kimya. Nilijiambia hayo ndiyo mapenzi.

Halafu siku ile asubuhi, kwenye nyumba ya wageni, mume wangu akapaka mkate wake siagi, akasema kipindi cha hamsini kitakuwa kipindi cha ukweli. Atawaeleza watu kwa nini hatuna mtoto.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu yako," akasema. "Watu wanapenda machozi. Na wewe kulia unajua."

Nilimwomba. Nilipiga magoti kwenye vigae vya chumba cha watu. Akaniambia ninyanyuke nikafunge stendi, mwanga mzuri unapita.

Nikafunga stendi.

Simu ya kwanza nikaiweka mbele yetu. Ya pili nikaitega pembeni, imchukue yeye tu, maana anaamini upande wake wa kushoto ndio mzuri. Taa ndogo nikaibana kwenye kichwa cha kitanda. Blanketi la nyumba ya wageni nikaliangika mlangoni kuua mwangwi. Studio yetu yote inaingia kwenye begi moja la mgongoni, na kila kilichomo ni cha bei ya kutupwa: simu za mtumba, stendi yenye mguu uliofungwa utepe, pawabenki iliyovimba tumbo, na maiki mbili ndogo kama vifungo vya koti.

Maiki hizo zilikuwa mpya. Alizituma wifi, dada yake mume wangu, ambaye ndiye anayetuhariria vipindi akiwa kwake. Zilikuja na kijitabu cha lugha ambayo sikujua hata kipi ni juu kipi ni chini. Mimi nilijua jambo moja: ukibonyeza kitufe, taa ya kijani inakuwa nyekundu, na sauti haifiki kwenye simu.

Nikambania maiki kwenye kola, yangu nikaiacha begini. Hiyo ni kazi yangu siku zote. Mume wangu kuivaa hajui, kuivua hajui. Nikabonyeza, taa ikawa nyekundu, nikaigeuza itazame shingo yake.

Nikapiga kofi moja mbele ya simu, kama tunavyofanya kila siku ili wifi aweze kulinganisha sauti na picha. Kisha nikakaa nikakunja mikono.

"Wapenzi watazamaji," akaanza, "leo nafungua kidonda."

Akakifungua. Alisema mke wake ana tatizo. Alisema wanaume wengine wangeondoka, yeye hakuondoka. Alisema usiku huwa anamsikia mkewe akilia na yeye anajifanya amelala, asimtie aibu. Alitoa machozi mawili, moja kila jicho, mtu wa haki kabisa. Akanishika mkono na kuubusu.

Na mimi moyoni nacheka. Ongea baba. Ongea hadi koo likukauke, hakuna anayekusikia.

Tulipomaliza uso wake ukabadilika hapo hapo.

"Mbona hukulia?"

"Machozi yamegoma."

"Huna shukrani wewe. Nimekusitiri miaka yote hii!"

Kunisitiri! Nilitaka kumrushia pawabenki ya uso. Nikauma meno. Simu yake ikaita, akatoka nayo kwenda koridoni, maiki bado iko kolani. Nikamwacha aende nayo. Nilikuwa na haraka ya kumtumia wifi video zote, ili tuharibikiwe mapema.

Mume wangu aliporudi alikuwa amevimba kwa hasira. Nilimvua maiki, hakunitazama. Akajitupa kitandani na viatu vyake.

Wifi akapiga. Huwa hasalimii.

"Wewe Mama Begi, umefanya nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Sauti ya kaka haipo. Midomo inacheza tu."

"Maiki imekufa. Vitu vyenyewe vya bei rahisi, mlitegemea nini?"

"Imekufa?"

"Imekufa, wifi."

Akacheka. Kicheko cha wifi kinaingia sikioni na kukaa.

"Maiki hizo zina memori ndani. Hata ukibonyeza ikawa nyekundu, yenyewe inaendelea kunasa. Unadhani kwa nini nilizichagua? Nilijua iko siku utaharibu kazi ya kaka yangu. Chomeka kebo, nitumie faili lote kama lilivyo."

Niliitazama maiki mkononi.

"Umenisikia?"

"Nakusikia."

"Nusu saa," akasema, akakata.

Nilichukua maiki, kebo na simu yangu, nikajifungia bafuni. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nifute faili, niseme memori nayo mbovu, yaishe.

Nikachomeka. Faili likatokea. Dakika sitini na moja.

Kipindi chetu kilikuwa cha dakika arobaini. Nikahesabu mara mbili. Hizi nyingine ishirini na moja ni za nini? Nikakumbuka koridoni.

Mtu mwenye akili angefuta akatoka bafuni. Mimi nikavaa hedifoni.

Mwanzoni nilisikia viatu vyake, kisha mlango, kisha mtu wa usafi akiburuta ndoo. Halafu sauti yake, karibu kabisa, utadhani amenikalia begani. Wa upande wa pili hasikiki, maana maiki ilikuwa kwenye kola na simu iko sikioni.

"Ndiyo, tumemaliza. Hapana, hajalia. Ana roho ngumu yule."

Alikuwa anamsikiliza mwenzake. Akakohoa.

"Anajua! Anajua tangu siku ile. Daktari alimwambia. Na mimi aliniambia asubuhi hiyo hiyo, kabla yake. Nilikaa pale nje kwenye benchi nikimsubiri aje aniambie. Akaja anacheka, akasema tuko sawa wote wawili. Nikasema haya, kama ameamua kubeba yeye, abebe."

Nilisimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Abebe.

"Hawezi kusema," sauti ikaendelea. "Akisema sasa watu watamuuliza alikuwa wapi miaka sita."

Alikuwa anatembea huku na huku, soli zinalia.

"Hapana. Hilo hapana. Usimtaje marehemu baba kwenye mambo haya! Ukilirudia nakata simu."

Akakata.

Msomaji, mimi niliumia. Sitaki kulipamba neno hili. Nilipotukanwa na mama yake niliumia, nilipotumiwa namba za waganga niliumia, lakini kila mara nilijifariji kwamba hajui, namlinda, siku akijua atanishukuru. Kumbe alikuwa anajua. Alikaa sebuleni anakula, mama yake ananitusi, na yeye anajua kila kitu na anaomba aongezewe mchuzi.

Nilinawa uso. Sauti ile ya koridoni nikainakili kwenye simu yangu. Kisha nikafuta kila kitu kwenye maiki. Nikampigia wifi. Kichwani nilikuwa nimeshaamua kuwa ndiye aliyekuwa akiongea na kaka yake. Nani mwingine anampigia mara tu kipindi kinapokwisha?

"Memori nayo tupu," nikamwambia.

"Haina shida."

"Haina shida vipi?"

"Simu ya pembeni."

"Imefanyaje?"

"Kila simu ina maiki yake, mwanamke! Ile ya pembeni ilikuwa inanasa sauti yenyewe. Inasikika kwa mbali kidogo, lakini hakuna neno lililopotea. Nimeshakata, nimeshapanga. Kinapanda saa tisa kamili."

Nilikaa tena kwenye ndoo. Ile simu niliitega mimi. Niliiwasha mimi, nikampa kaka yake upande wa kushoto anaoupenda. Na video yake nilimtumia wifi mimi mwenyewe, kwa bando langu.

Saa ilikuwa saba na nusu mchana.

Saa nane mama mkwe alikuwa anakuja. Anaishi mji ule ule, ila nyumba yake imepakana na karakana ya kuchomelea vyuma, huwezi kurekodi chochote pale. Kwa hiyo mume wangu alimwita aje nyumba ya wageni kurekodi kipindi cha hamsini na moja: bibi anayesubiri wajukuu. Alikuwa amemwandikia hata maswali.

Hapo nikapiga moyo konde. Mume wangu duniani anamwogopa mtu mmoja tu, na mtu huyo anakuja mwenyewe na miguu yake. Nitampigia mama yake ile sauti. Ataagiza kipindi kisipande, na mwanawe atamtii.

Lakini kwenye kurasa hizi nilisema nitakiri, basi nakiri. Sikutaka kulinda jina langu tu. Nilitaka kumwona mama mkwe akikosa pa kuficha uso. Nilitaka amtazame dume lake aone alichokuwa akinitukania. Nilikitaka hicho kuliko nilivyotaka haki yangu.

Akaja saa nane kasoro tano, mkoba mikononi, amevaa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akaikata katikati. Akatazama viti viwili vilivyokuwepo. "Kipi hujakikalia wewe?"

"Hicho cha dirishani."

Akakifuta kwa leso kwanza, ndipo akakaa.

Mume wangu akaingia kwenye sauti yake ya asali. "Mama, usiogope simu. Mimi nitauliza, wewe utajibu kama tunaongea nyumbani. Tutaanza na subira." Akanigeukia. "Mvalishe maiki."

"Kwanza nipime sauti," nikasema.

"Pima haraka."

Nikapandisha sauti ya simu yangu hadi mwisho, nikabonyeza.

"Ana roho ngumu yule," mume wangu akasema kutoka kwenye simu.

Mume wangu wa kitini akageuza shingo. Alisikiliza kwanza, hakuelewa. Kisha akaelewa. "Zima," akasema. Halafu akapaza: "Zima hiyo!"

Akanirukia. Akaipiga stendi teke, simu ya kwanza ikaanguka kwenye zulia. Nikazunguka kitanda. Naye akazunguka. Watu wazima wawili tunakimbizana kitanda katikati, na sauti yake inaendelea kutangaza: kama ameamua kubeba yeye, abebe. Akanikamata kiwiko, akakipinda. Sikuachia.

"Muache mwenzako," mama mkwe akasema.

Hakupaza sauti. Mume wangu akaniachia.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, mkoba uko magotini, macho yako ukutani. Sauti ilipofika pale pa marehemu, alifumba macho kidogo. Kisha ikakatika.

Nilikuwa nahema. Nilimsogelea nikiwa na ushindi wangu wote mdomoni.

"Umemsikia mwanao, mama? Miaka sita umenivua nguo mbele za watu. Mgumba wako ni huyo hapo! Na binti yako anajua, ndiye aliyekuwa akiongea naye."

"Binti yangu hajui chochote," akasema. "Yule ukimpa siri jioni, asubuhi ameshaihariri. Upande wa pili nilikuwa mimi."

Niliishusha simu.

"Wewe?"

"Mimi. Nilimpigia kumkataza asikutangaze. Akanikatia simu. Mtoto wa kumzaa mwenyewe, akanikatia simu."

"Mama, basi," mume wangu akasema.

"Ulijua?" Sauti yangu ilikuwa imepanda hadi nikasikia mlango wa chumba cha jirani ukifunguliwa. "Ulijua na ukanitukana?"

"Nilijua mwaka jana, nilipoikuta karatasi ya daktari kwenye koti lake. Mwaka huu wote nimekutukana huku najua. Hilo nitalijibu mimi mbele ya anayestahili kuniuliza, na si wewe." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Na usidhani sasa nakupenda. Sikupendi. Ulikuwa na mdomo, ukauacha ufanye kazi ya kula. Ungesema siku ile ile, sote tungelala."

Alikuwa amenipiga pale penyewe.

"Saa ngapi hicho kipindi chake?" akauliza.

"Saa tisa."

"Na sasa?"

"Saa nane na nusu."

"Simamisha hiyo simu iliyoanguka. Nivalishe hicho kidude, changu kitangulie chake."

Mume wangu akaja akapiga magoti mbele ya mama yake, kwenye vigae vile vile nilivyopiga mimi. Sauti ya asali ilikuwa imemtoka. Alikuwa anaongea kama mtu aliyebanwa na kifua.

"Mama, nakuomba. Nitampigia dada sasa hivi, kipindi hakipandi. Nafuta kila kitu. Yaishe humu ndani."

"Nilikwambia hivyo asubuhi ukasema unakata simu."

"Watu laki mbili, mama! Ukisema lile neno, mimi nitaitwa nani?"

"Na huyu ulitaka aitwe nani?"

Alinyoosha kidole kwangu bila kunitazama. Kisha akainua kidevu, nipate nafasi ya kola.

Niliibana maiki kwenye gauni lake, nikatazama taa mara mbili. Kijani. Nikasimamisha stendi, mguu wenye utepe ukalegea, nikaushika kwa goti langu. Nikabonyeza kurekodi. Safari hii hata kofi sikupiga.

"Inanasa?" mama mkwe akauliza.

"Inanasa, mama."

"Hata nikinong'ona?"

"Hata ukinong'ona."

Akakohoa, akarekebisha leso, akaikazia macho simu kama mtu anayeidai.

"Mimi ni mama mzazi wa huyu mnayemwita Bwana Sauti. Atakayosema juu ya mke wake ni uongo. Mke wake hana tatizo lolote. Mwenye tatizo ni mwanangu, na karatasi ya daktari ninayo humu kwenye mkoba."

"Mama!"

"Wala si aibu. Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, hakuwa na uwezo wa kuzaa hadi anaingia kaburini."

Mume wangu alikuwa bado kwenye magoti, mdomo wazi, anahesabu kitu kichwani ambacho hakikubali kuhesabika.

Mama mkwe aliiacha simu, akamgeukia yeye.

"Sasa nyanyuka ukae kwenye kiti, baba," akasema, "nikwambie wewe nilikupata wapi."